Guni Zote za Mtaa Zimepinda

Jumatatu, 3 Machi

Mashine imefika. Msumeno wa meza, wa umeme, mzito hata wapagazi walikaa chini kwanza ndipo wakaomba maji. Shemeji, kaka wa mke wangu, alinishauri nichukue mdogo. Amepima ardhi ya watu maisha yake yote. Sasa amestaafu na anapima mambo yangu. Nilimweleza kwa upole kwamba mashine nyepesi hutetemeka, na mtetemeko ni adui wa ubao.

Haikupita mlangoni. Nikang'oa fremu. Sasa imetulia katika chumba cha kushonea cha mke wangu, na cherehani iko koridoni.

Mke wangu hakugomba. Alisema tu kwamba Jumapili wakwe watarajiwa wa binti yetu wanakuja kula, na ile meza mpya niliyoahidi iwe imesimama. Ikifaa, mashine ibaki. Isipofaa, chumba kirudi kwa cherehani na mashine iende kwa shemeji, ambaye tayari ameitengea nafasi. Ameitengea nafasi! Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Jumanne, 4 Machi

Mbao za dukani ni mbichi, na mbao mbichi hupinda zikikauka. Nikajiuliza: mbao zilizokauka kuliko zote humu nyumbani ziko wapi? Katika meza yetu ya zamani. Mke wangu alipokwenda sokoni, niliifumua. Uamuzi wa kitaalamu. Sasa hatuna meza hata moja, jambo linaloongeza ari.

Kisha kuilinganisha mashine. Hii ni elimu. Ubao husukumwa huku umeegemea chuma cha mwongozo, na chuma hicho lazima kiende sambamba na msumeno. Vikiachana hata unywele, ubao hukatika upande. Kwa hiyo nilichukua pimamaji, nikachomeka kadibodi chini ya miguu ya mashine hadi tone la hewa likatulia katikati kabisa. Nikakata ubao. Ukatoka mwembamba kichwani, mpana mkiani, na ubavu wake una kitumbo kidogo.

Sielewi. Tone la hewa bado liko katikati.

Mke wangu aliuliza meza iko wapi. Nikamjibu kwamba iko katika hatua ya mpito.

Jumatano, 5 Machi

Nimempata mhalifu. Ni guni yangu, kile chuma cha pembe cha seremala. Kuna njia ya kuijaribu, nami niliifundisha darasani miaka mingi. Unaiegemeza kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, unapiga mstari. Unaigeuza upande wa pili, unapiga mstari mwingine palepale. Guni ikiwa nzima, mistari hulaliana. Ikiwa imepinda, mistari huachana.

Nilichukua ubao mmoja wa jana, ule uliotoka kwenye mashine yangu mwenyewe, ili vitu vyote viwe vya familia moja. Mistari iliachana kama wapenzi waliochokana. Nimeitupa guni jalalani.

Hila ya leo: kuazima guni ya shemeji bila yeye kujua kwa nini. Nilisema ni kwa ajili ya masomo ya mjukuu. Mjukuu wetu hajaanza kutembea. Hata hivyo alinipa.

Nikaijaribu kwenye ubao uleule. Imepinda! Mpima ardhi mzima! Nimewaza kwa huzuni mashamba yote aliyowahi kuyagawa.

Alhamisi, 6 Machi

Niliazima guni ya seremala wa mtaa. Imepinda. Nikaazima ya jirani fundi ujenzi. Imepinda, na kwa upande uleule, maana yake zinaambukizana. Nilimrudishia seremala yake kwa maneno ya faraja, nikamwambia kwamba kosa si lake, ni la kiwanda. Aliifunga kwenye kitambaa kama mtu anayemtoa mtoto hospitali mbaya.

Jioni mashine ilianza kulia. Nikaamua kuihudumia, kwani chombo bila matunzo ni deni. Nilitia mafuta kila panapozunguka: ekseli, gurudumu, na mkanda unaozungusha msumeno pia, pande zote mbili, kwa ukarimu. Nikawasha. Mota inaimba vizuri sana. Msumeno umesimama. Nikaongeza mafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Mkanda ulioshiba mafuta huteleza. Limekuwa somo jipya, na nimelieleza kwa kila aliyepita koridoni. Nimeufuta kwa majivu hadi mchana, nami nikafanana na jiko. Msumeno ukazunguka.

Kwa kuwa hakuna guni ya kuaminika mtaani, nimefanya kazi kwa jicho. Mbao zote zimetoka nyembamba upande mmoja. Ningeweza kugeuza moja hivi na nyingine vile ili makosa yafutane, lakini fundi mwenye heshima hupanga vichwa na vichwa, mikia na mikia. Nikapaka gundi, nikabana kwa kamba.

Meza imesimama. Inaanza nyembamba, kisha inapanuka, kama upepeo wa kukunja uliofunguliwa nusu, na miguu ya ncha nyembamba imetoka mifupi kidogo. Mke wangu aliizunguka yote, akarudi koridoni kwenye cherehani yake. Sikusikia cherehani ikishona.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji alikuja, eti kusalimia. Nikamwonyesha ule ubao na mistari ya guni zote, moja baada ya nyingine, ili asione haya peke yake.

"Shemeji," akasema, "guni yangu imepinda, ya fundi imepinda, ya seremala imepinda. Ubao ni mmoja tu. Umeupima huo?"

Nilimweleza kwamba ubao haupimwi. Ubao ndio unaopimia.

Alikwenda koridoni, akachomoa uzi kwenye cherehani, akauvuta pembeni mwa ubao kutoka ncha hadi ncha. Mwanga ukaonekana kati ya uzi na ubao, kama asubuhi chini ya mlango. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yetu. Nilisema uzi umevutwa kupita kiasi.

Gundi imeshakauka. Hakuna la kufanya.

Jumapili, 9 Machi

Wakwe wamekuja. Kitambaa cha meza kilining'inia kwenye ncha nyembamba hadi sakafuni, na kwenye ncha pana hakikufika. Baba wa kijana, kwa heshima yake, alipewa kiti cha mbele, penye wembamba. Nilieleza kwamba umbo hili husogeza watu karibu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kusogea.

Halafu bakuli la mchuzi likaanza safari. Polepole, bila fujo, kutoka upande mpana kuelekea kwake. Alilizuia kwa mkono wa kushoto. Alikula chakula chote kwa mkono mmoja huku amelishika lile bakuli, akiulizia afya ya kila mtu nyumbani, hata ya jirani. Mtu mwungwana sana. Posa imekubaliwa. Mama wa kijana aliuliza kama meza hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya kona fulani.

Walipoondoka, mke wangu alikusanya sahani zote kabla ya kuniangalia.

"Mwalimu, binti yako anaolewa na watu wenye subira. Kesho kaka yangu anakuja na gari."

Jumatatu, 10 Machi

Mashine imeondoka. Cherehani imerudi ndani na inashona tangu alfajiri, kwa kasi ambayo naona ina maneno ndani yake. Shemeji alinishukuru, akatoa kadibodi zangu chini ya miguu ya mashine, akanirudishia mkononi.

Nimetafakari kwa utulivu, kama inavyompasa mtu aliyesoma. Kosa langu lilikuwa moja tu: kuchagua mashine inayohitaji pembe. Mashine ya kukereza haina shida hiyo. Ubao unazunguka, patasi inasubiri, na kila kinachotoka ni cha duara. Cha duara hakihitaji guni, na mtu hawezi kukipima kwa uzi.

Nimepima chumba cha kulala. Kitanda kikisimamishwa ukutani, inaenea. Nimeagiza kubwa.