Ndama wa Pili

Jumatatu, 9 Machi
Nimeshinda. Mzee Machibya wa Butiama anataka mtamba wangu mwekundu awe ng'ombe wa mwisho wa mahari ya binti yake, Robi. Asipompata, mwanangu Benson atafute mke kwingine. Mtamba huyo nampenda kuliko baadhi ya ndugu zangu. Kwa hiyo nimempigia mkwe simu, nikamweleza kwamba mama wa mtamba atazaa wiki hii, na mimba ni ya dume lile lile la rafiki yangu Clementi wa Mugeta. Mama mmoja, baba mmoja, kitatoka nini kingine? Mkwe amekubali kumpokea huyo ndama, mradi afanane na dada yake. Jumamosi anakuja kumwona.

Benson, anayeuza dagaa Mwigobero, ameshukuru sana. Mke wangu Ghati ameuliza kama ng'ombe mwenyewe ameshakubali.

Jumatano, 11 Machi
Amezaa alfajiri. Jike. Jeusi tii. Nimemzunguka mara tatu, na upande wa pili pia ni mweusi.

Nimemwita Dorah, afisa mifugo, nikamwambia kuna kosa. Hakuona kosa. Alisema mama huyu mweusi alirithi weusi kwa mzazi mmoja na wekundu kwa mwingine. Weusi ndio unaoonekana, wekundu umejificha ndani. Akitengeneza yai, anatia nusu tu ya alivyorithi. Yai la kwanza liliangukiwa na wekundu, hili likaangukiwa na weusi. Tena si rangi tu. Pembe, maziwa, hata hasira: kabla ya kugawanywa, urithi wa pande mbili hubadilishana vipande, ndiyo maana huwezi kupata mayai mawili yaliyo sawa. Na dume naye analeta nusu yake, iliyochanganywa vivyo hivyo.

Nilimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Lakini nimefuga miaka ishirini na sijaokota yai zizini hata siku moja.

Alhamisi, 12 Machi
Nimempaka hina. Kwenye weusi hina haionekani. Sasa nina ndama mweusi anayenukia kama bibi harusi.

Ijumaa, 13 Machi
Clementi ana ndama mwekundu, jike, wa wiki moja. Nimemwazima. Nimerudi naye nyumbani Nyasura kwa bodaboda, nikiwa nimempakata, na suruali nimeiloweka. Mweusi nimemfungia stoo.

Benson amepiga simu kuuliza kama mambo yanakwenda. Nimemwambia anunue suti. Hofu ninayo, nakiri. Kijana amemsubiri Robi miaka mitatu.

Jumamosi, 14 Machi
Mkwe alifika na wazee wawili. Akamtazama mwekundu, akaridhika. Ingeishia hapo. Ila Ghati, kwa ukarimu wake, akasema wageni wasiondoke bila maziwa. Ng'ombe wetu hawa hawashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya. Hilo hata watoto wanalijua. Mimi nilisahau. Ndama wa Clementi akasogea, ng'ombe akamnusa, akampiga teke. Maziwa hata tone. Kisha ng'ombe akalia, na kutoka stoo akaitikiwa.

Mkwe alifungua mlango mwenyewe. Akamtazama mweusi.

"Mkwe, huyu ungenionyesha tu," akasema. "Mimi nawapendaga weusi. Sasa umenidanganya mbele ya wazee."

Faini: mtamba mwekundu aende leo, na mweusi afuate akishaachishwa ziwa. Harusi ipo. Nilimsindikiza mtamba wangu mpaka barabarani, na hakugeuka hata mara moja. Nimelia kidogo nyuma ya choo.

Jumapili, 15 Machi
Nimefikiri kanisani muda wote wa mahubiri, nikapata jibu. Mara ya kwanza dume alimpanda ng'ombe wangu siku ya Alhamisi. Mara ya pili ilikuwa Jumanne. Tatizo ni siku.

Ghati amesema tuna watoto sita, baba mmoja, mama mmoja, na hakuna wawili waliofanana kwa sura wala kwa akili. Nimemwambia ni kwa sababu hatukuangalia kalenda.

Jioni Clementi alikuja kumchukua ndama wake. Naye anatamani mtamba mwekundu kama yule aliyeondoka jana. Nimemwahidi ndama ajaye. Akauliza kama nina hakika na rangi. Nimempa mkono.