Kitambaa cha Shangazi na Drili Yangu

Jamani, leo nimeaibika, na aliyeniaibisha ni kitambaa cha kochi.

Wasionijua: mimi ni Elisha, naishi na mama huku Visiga, Kibaha, na kazi yangu ni kutengeneza koili za zile vepu za kuvuta mvuke. Unabana waya mnene kwenye drili, drili inazunguka, nawe unalisha waya mwembamba juu yake taratibu kwa vidole. Ukimaliza unaukunja kwenye bisibisi, unapata springi ndogo ambayo ikipata moto inatoa mvuke. Wateja wangu wako Dar. Mama anadhani natengeneza vitu vya redio. (Sijawahi kumwambia ni vya redio. Sijawahi kumwambia si vya redio.)

Leo asubuhi mama ananiambia Shangazi anakuja kutoka Chole, kule Kisarawe. Huyu ni dada yake marehemu baba, na ndiye aliyefuma kwa mkono vitambaa sita vya makochi mwaka ambao baba na mama walihamia nyumba hii. Vitambaa hivyo hukaa kabatini mwaka mzima na vidonge vya kufukuza wadudu. Shangazi akisema anakuja, vinatoka. Akiondoka, vinarudi. Mimi na mama hatujawahi kuliongelea jambo hili, ni siri ya familia ya watu wawili.

Mama akavitandika, akaniangalia. "Usiguse chochote." Kisha akaenda jikoni.

Sikugusa. Nilikaa tu, kwa sababu soketi pekee inayofanya kazi iko sebuleni, na nina mteja anayesubiri koili tangu juzi. Sasa, kwenye kitambaa cha mgongo wa kochi, nikaona kijiuzi kimechomoza pembeni. Mtu wa koili akiona mkia umechomoza anafanyaje? Anaukata. Mkono wangu ukachukua koleo wenyewe, kwaa, nikaukata mkia na kifundo chake. Kikapendeza kweli. (Kile kifundo ndicho kilichokuwa kimeshikilia kitambaa chote. Nimelijua hilo leo, nina miaka ishirini na tisa.)

Nikawasha drili, nikawa nalisha waya huku jicho moja liko kwenye simu namjibu mteja. Baada ya muda nikahisi waya unanenepa. Nikatazama. Umekuwa mweupe. Ile ncha ya uzi ilinaswa, na drili ilikuwa inafumua kitambaa cha Shangazi mstari kwa mstari na kukizungushia kwenye waya wangu. Kwa unadhifu mkubwa, lazima niseme. Nusu ya kitambaa ilikuwa imeshakwenda.

Nikazima. Nikafikiria kuukata uzi, nikakumbuka kukata ndiko kulikonifikisha hapa. Na hapohapo bodaboda ikasimama nje.

Nikauchomoa ule waya na uzi wake, nikautia mfukoni, drili nikaisukumia chini ya kochi, nikaegemea ile nusu iliyobaki. Mpango ulikuwa huo tu. Kuegemea mpaka Shangazi arudi Kisarawe.

Akaingia. Mama, aliyetokea mlango wa jikoni kumpokea, nyuma yake amebeba kiroba cha mihogo, anahema, ananitazama.

"Shikamoo Shangazi," nikasema, nikiwa nimeegemea.

"Marahaba." Akasimama mbele yangu. "Siku hizi Kibaha mnasalimia wakubwa mmelala?"

"Mgongo, Shangazi. Umebana."

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Sasa hivi."

Niliona aibu, siwafichi. Mama yangu anabeba kiroba mpaka jikoni, na mimi mzima nimeegemea kama bwana harusi. Lakini nilikuwa namfikiria yeye pia. Shangazi akikiona kitambaa, atajua mama hakukitunza, na mama akisemwa na wifi yake atakonda wiki nzima.

Shangazi hakukaa. Akaweka mkoba chini, akavua viatu. Nikajua kinachokuja, kwa sababu Shangazi ni mwimbaji kwaya na mtu wa maombi, na mgonjwa hampiti hivihivi. Akaniwekea mkono begani, akamwita mama, mama akaweka wake kwenye bega la pili. Wakaombea mgongo wangu. Mgongo ambao haujawahi kunisumbua tangu nizaliwe. Waliomba dakika kumi, na mama katikati akaanza kulia, akisema Mungu asimchukue na huyu. Hapo moyo uliniuma kweli.

"Amina. Haya, simama kwa imani," Shangazi akasema.

Nisiposimama, maombi ya Shangazi yameshindwa. Nikisimama, kitambaa. Nikamtazama mama na machozi yake mashavuni. Nikasimama.

"Tembea."

Nikapiga hatua tatu. Mgongo safi kabisa. Ila nyuma yangu uzi mweupe ulikuwa unatoka kwenye kochi unaingia mfukoni mwangu, na kila hatua kitambaa kilipoteza mstari mwingine. Mama akaangalia kochi. Akaangalia uzi. Akaangalia suruali yangu.

Shangazi akaushika uzi, akauvuta polepole, mfukoni ukatoka ule waya umenenepa kama mshumaa. Akauweka karibu na macho, akaugeuza.

"Nani kazungusha hivi?"

"Mimi, Shangazi. Nisamehe."

"Baba yako alikuwa anazungushia waya mipini ya mapanga, Chole nzima wanamletea. Ilikuwa hivihivi, huoni pengo." Akaupitishia kidole. "Huu ni mkono wa kaka yangu. Na waya wenyewe wa nini?"

Sikuwa na nguvu ya uongo wa pili. Nikamwambia ni wa vifaa vya kuvuta mvuke, watu wanavuta kama sigara.

"Si wa redio?" mama akauliza.

"Si wa redio, mama."

"Watu wananunua mvuke?" Shangazi akashangaa. "Mimi nikichemsha mihogo navuta bure."

Mama akaanza kuomba radhi, wifi samahani, vimechakaa, kila siku viko hapa kochini. Shangazi akamkatiza.

"Mama Elisha, kitambaa cha kila siku hakina mikunjo minne. Na vinanukia kabati. Najua miaka yote. Unavitunza kwa sababu ya marehemu, hata mimi nguo yake moja siivai wala siigawi."

Wakacheka, kisha wakalia, kisha wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimesimama katikati na uzi mkononi.

Nikadhani yameisha. Shangazi akafungua mkoba, akatoa sindano ya kroshia, akaniwekea kiganjani. Kasema mkono kama huu hauwezi kuharibu tu, na yeye haondoki Visiga mpaka kitambaa kirudi.

Kwa hiyo mteja wangu wa Dar, najua unasoma hapa. Koili zako zitachelewa. Niko mstari wa pili, na Shangazi ameshaufumua mara tatu.