Jogoo Wangu Hakimu Kuulizwa Asili Yake Mbele za Watu

Mgori, Singida
Agosti 2004

Kwa Mwalimu wa Kompyuta, Utemini

Mpwa wangu Loyce,

Marahaba. Najua ukifungua bahasha hii utaniamkia, kwa hiyo nimekuitikia kabisa tusipoteze muda, maana nina hasira.

Chama chetu cha wafugaji wa kuku wa kienyeji kilikuomba programu ya kuchagua jogoo wa kwenda maonyesho Dodoma. Hatukukuomba umbea. Tangu biashara iwe huria tumezoea mengi, lakini jogoo kuhojiwa mbele ya wanachama, hilo hapana. Malalamiko yangu ni haya:

1. Programu yako inajitazama kwenye kioo ikiwa kazini. Wewe mwenyewe ulitueleza, tena kwa furaha, kwamba haina haja ya kujua mapema kuku gani yumo ndani yake, itamuuliza palepale. Mwenye adabu hujitazama kioo kabla ya kutoka nyumbani, si katikati ya mkutano.

2. Jogoo wangu Hakimu aliandikishwa humo kwa jina la Kuku, basi. Programu ikamuuliza ni wa darasa gani, ndivyo kompyuta yako inavyoita aina. Jogoo. Na darasa lililomzaa? Kuku. Hata washenga hawaulizi hivyo.

3. Ikamtaka ataje kila kazi anayoiweza. Sixbert, anayeutamani uenyekiti wangu, akakuambia uandike "kukimbia mwewe". Programu ikaitafuta kazi hiyo kwa Hakimu, ikaikosa. Ikakuta "kuwika" na "kusubiri pumba". Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje.

4. Hili ndilo lililonimaliza. Ulituambia asili ya kila kuku imefungwa, ni siri yake mwenyewe. Ndiyo maana nilimwachia mke wangu Anastasia, asiyejua kudanganya, aijaze. Kumbe ipo amri ya kufungulia! Ukafungua, ukasoma kwa sauti: kifaranga wa boksi, wa mashine ya kutotolea, Arusha. Siri ya mtungi aijuaye kata. Wewe umeimwaga barazani. Sixbert akasema taratibu, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Niliona aibu, Loyce, sikufichi.

5. Tukinyamaza, kesho itamuuliza mwenyekiti naye ni wa darasa la ngapi, na mimi niliishia la nne kwa sababu za kiafya.

Kwa hiyo naomba amri hiyo ya kufungulia ifutwe, si Singida tu, bali duniani kote. Kilichofungwa kiheshimiwe.

Nisalimie dada yangu Martha, wanafunzi wako wote, na hiyo kompyuta pia, mradi isiniulize mimi ni nani.

Mjomba wako, mwenyekiti hadi uchaguzi wa Jumamosi,
Chediel

N.B. Nasikia amri hiyohiyo inayofungua siri inaweza pia kuandika upya kilichomo. Kabla haijafutwa duniani, iandike asili ya Hakimu iwe Mgori. Na ukiwa humohumo, nichungulilie jogoo wa Sixbert. Mleta barua ana kuku wako wa shukrani. Huyo usimuulize asili, mpike tu.