Nusu Kilo ya Mama

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nesi amekuja na mizani yake. Mama, kilo arobaini na moja. Mwezi uliopita alikuwa na arobaini na mbili. Nesi akasema mapafu yale hayatapona, ni ya kutunzwa tu, na mtu wa mapafu hayo hutumia nguvu nyingi kuvuta pumzi, kwa hiyo asipokula ataisha. Halafu akanitazama mimi. Mimi! Niliyepikia wanafunzi mia nne kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyekufa.

Dada akadakia, kama kawaida yake. Jumamosi Mama asipoongezeka, anamhamishia kwake. Nesi akaafiki. Wakabandika karatasi kwenye kabati: chakula laini, kidogo kidogo, mara sita kwa siku, moshi marufuku jikoni, apumzike kabla ya kula. Chakula cha kifaranga. Na Mama akiondoka, mimi nitabaki na nani humu ndani? Sitaki hata kufikiria.

Jumanne, tarehe 4

Nimeamua kuimaliza kazi kwa siku moja. Maharage na kabichi, sahani imejaa pomoni. Mama amekula nusu kwa kunionea huruma. Baadaye tumbo likavimba likawa ngoma, pumzi ikambana, ikabidi aegemee meza na kuvuta dawa yake mara mbili. Niliogopa, nakiri.

Dada akatokea (nani kampigia?) kunifundisha kwamba maharage na kabichi hujaza gesi, na tumbo likijaa linabana mapafu. Wanafunzi wangu walijaa gesi miaka yote na mitihani wakafaulu.

Jumatano, tarehe 5

Nimegundua kosa. Ni jiko la gesi. Chakula chake hakina ladha, ndiyo maana Mama hali. Karatasi inakataza moshi jikoni. Kuhusu moshi wa nje haikusema kitu. Nikawasha mkaa uani, chini ya dirisha. Upepo ukageuka. Mama alikohoa mpaka jirani yetu, fundi cherehani, akaacha cherehani yake na kuja kuniuliza kama najua kazi ya dirisha.

Mama alipopata nafuu akaniambia, akipumua kila baada ya maneno mawili, kwamba chakula changu ni kizuri sana, ila kinataka watu wenye mapafu. Hiyo ni sifa au kejeli?

Alhamisi, tarehe 6

Dada kaleta chupa ya uji wa maziwa na karanga. Nikaumimina kwenye chupa yangu, nikamwambia Mama nimepika mimi. Kikombe kidogo, akamaliza. Baada ya saa mbili akaomba kingine. Akasema leo mwanangu umepatia.

Nilifurahi kuliko nilivyostahili. Kisha hasira zikanipanda. Dada, ambaye maisha yake yote amekaa nyuma ya dawati, nani kamfundisha uji?

Ijumaa, tarehe 7

Uji umekwisha na Dada simwombi ng'o. Ikabidi nipike mwenyewe, na kwa kukosa njia nikafuata karatasi, jambo ambalo Dada hatalijua mpaka naingia kaburini. Viazi vya kuponda, maziwa, yai. Vijiko vitano. Pumzika. Baadaye vijiko vitano tena. Mara sita! Huku si kupika, ni kulea. Mama kala vyote, na jioni akanisimulia alivyomkataa mchumba wake wa kwanza, mwanzo hadi mwisho, bila kukohoa.

Lakini tuambiane ukweli. Vijiko vitano haviongezi mtu uzito. Nimeshona betri nne kubwa za redio ndani ya pindo la sweta lake.

Jumamosi, tarehe 8

Mama akapanda mizani. Arobaini na mbili! Nesi akatabasamu. Dada akamshika Mama mkono ashuke, sweta likagonga kiti: ko. Wakalipapasa. Betri zikatolewa moja moja, zikapangwa mezani mbele yangu kama ushahidi. Dada akaenda kufungasha nguo za Mama.

Nesi ndiye aliyesema apimwe upya bila sweta. Arobaini na moja na nusu. Akapima mara ya pili. Nusu kilo, ya halali kabisa. Mama akamwambia Dada arudishe nguo kabatini, haendi popote, huyu aliye naye anamtosha ingawa ni mjinga. Machozi yalinitoka kwa sababu ya vitunguu. Vitunguu havikuwepo.

Jumapili, tarehe 9

Nimekaa nikapiga hesabu. Vijiko vitano vitano vimeleta nusu kilo. Nesi analijua hili na amelinyamazia, maana wagonjwa wote wakinenepa atampima nani? Kama vijiko vinaleta nusu kilo, je, sufuria nzima?

Asubuhi nimekwenda shuleni, nikaazima ile ya watu hamsini. Imekaa juu ya jiko, viazi vimejaa hadi ukingoni. Mama kachungulia kutoka kitandani, akaniuliza tunatarajia wageni wangapi. Nimemwambia hakuna wageni, ni yeye tu.