Kaboni Zilizokata Kona

Jumatatu, tarehe 4
Ninaapa kuandika yote humu, hata ya aibu. Mwalimu wa kemia ametangaza kwamba Ijumaa atachora molekuli ubaoni. Atakayeipa jina sahihi atakuwa kiranja wa maabara na kukabidhiwa ufunguo. Nautaka kuliko kitu chochote. Mwenye ufunguo hujisomea maabara jioni, pakiwa kimya. Nyumbani tunalala wanne chumba kimoja, kimya hatukijui.
Mpinzani ni mmoja: jirani yangu wa dawati. Tunamwita Kamusi, maana hujibu swali kabla halijaisha.

Jumanne, tarehe 5
Mbinu ya kwanza. Mwalimu husema majina hukaa kichwani yakitumiwa. Nimebandika karatasi kwenye chupa za nyumbani. Siki: asidi ethanoiki. Dawa ya dada ya kufutia rangi ya kucha: propanoni. Mwandiko safi. Nimeridhika.

Jumatano, tarehe 6
Mama aliona neno asidi, akamwaga siki yote chooni. Bibi alikuwa ameshakula kabichi yenye siki hiyo. Akajilaza, akaanza kutuaga mmoja mmoja. Nilimweleza kwamba ni siki ile ile, ila sasa ina jina la kitaalamu.
Akaniambia, “Mjukuu wangu, kinachobadili jina kina kesi mahali.”
Nimebandua karatasi zote. Dada haongei nami.

Alhamisi, tarehe 7
Mbinu ya pili: kumpeleleza Kamusi. Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, yeye huanzia wapi. Hakuficha kitu. Alisema kwanza hutafuta mnyororo mrefu wa kaboni kuliko yote. “Ufuate hata ukikata kona, shoga. Hapo ndipo wengi huanguka.”
Nilimshukuru kwa adabu. Mtego naujua nikiuona! Mnyororo hunyooka, ndiyo maana ukaitwa mnyororo. Nimefanya mazoezi ya mistari iliyonyooka tu, mpaka mama akazima taa.

Ijumaa, tarehe 8
Ubaoni: kaboni nne zimejipanga kwa mstari. Chini ya ile ya pili, tawi la kaboni mbili. Rahisi! Nikanyoosha mkono kabla ya wote. Nikatamka polepole: mbili-ethilibutani.
Mwalimu akauliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Kamusi akafumba macho, kama mtu aonaye glasi ikianguka.
Kisha akaitwa yeye. Akaanzia chini kabisa ya tawi, akapanda, akakata kona, akaendelea na mstari. Kaboni tano. Ile niliyoiita mwanzo wa mnyororo ikabaki kuwa tawi. Tatu-methilipentani. Akapewa ufunguo.
Sasa darasa zima linaniita Butani.
Kamusi alinisubiri mlangoni. “Butani, uje jioni,” alisema. “Kimya cha mle ndani kinatutosha wawili.”
Nikashika njia ya nyumbani.

Jumamosi, tarehe 9
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la mchoro. Mwalimu huchora bila rula. Kaboni zote zingepangwa kwa mstari mmoja, nani angekata kona? Jumatatu nitamzawadia rula, nimwombe aurudie mtihani.
Mwaliko wa Kamusi nitaukubali, lakini macho wazi. Hakuna anayegawa kimya bure.
Shajara, nijibu kabla ya Jumatatu: rula ya sentimita thelathini itatosha, au nimpelekee ya mita nzima?