Mashine Zote Zina Kasoro

Jumatatu, 3 Machi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, kaniudhi leo. Kwa mama mkwe, mbele ya watu, katangaza kwamba anamshonea mjukuu mchanga wa mama mkwe mfarishi wa viraka. Nikasema hata mimi. Nikaongeza, sijui kwa nini, kwamba ninayo mashine mpya ya kushonea mifarishi, ile kubwa ya kukalia yenye meza yake. Mama mkwe akasema vizuri, Jumapili ataitazama mifarishi yote miwili, na ulio bora ndio utakaotandikwa kitandani kwa mtoto.

Sina mashine. Nina kicherehani kidogo, na mfarishi ukiukunja haupiti chini ya mkono wake. Nimejaribu. Sindano imekatika na ulimi nimejiuma.

Lakini akili ni mali. Kuna duka la cherehani, na mteja anaruhusiwa kujaribu.

Jumanne, 4 Machi

Muuzaji ni mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia kwa mnyororo. Nimempa jina la Mama Miwani. Akaniletea kitambaa cha majaribio. Nikamwambia kiatu hakijaribiwi kwa mguu wa jirani, nikautoa mfarishi wangu kapuni. Akameza mate, akanivutia kiti.

Mashine hizi ni raha! Unakaa, sindano inapiga palepale, mikono yako ndiyo inayosukuma kitambaa huku na huku, kama mtu anayeandika kwa kusogeza karatasi badala ya kalamu. Pembe nzima nimeimaliza bure. Kisha nikalalamika kwamba meza iko juu mno, nitarudi kujaribu nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Mashine ya pili, pembe ya pili. Kasoro: taa inachoma macho.

Ya tatu... jamani! Mfarishi mzima unaingia chini ya mkono wake na nafasi inabaki. Ukiharakisha mikono, nayo inaharakisha sindano, mishono inatoka sawasawa kama punje za mahindi. Nimeipenda hadi machozi yakanilenga. Pembe mbili zilizobaki nikazimaliza palepale. Kwa Mama Miwani nikasema inapiga kelele kama kinu cha kusaga. Kwa kweli ilikuwa inakoroma kama paka tu. Akavua miwani, akaifuta.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu ameniuliza mezani, kama mtu asiye na hili wala lile, kati ya mashine za pale dukani ningependa ipi. Amenusa! Kuna mtu kanichongea. Nikajikaza kisabuni. Nikamjibu zote takataka, sitaki hata kuziona. Akainamia sahani yake, akaendelea kula.

Nimemweza.

Ijumaa, 7 Machi

Ilibaki sehemu ya katikati tu. Nikamwambia Mama Miwani kwamba ile yenye kelele naipa nafasi ya mwisho. Mfarishi mapajani, mikono mbiombio, mara namwona wifi anaingia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikajitupa chini ya meza. Yaani nilitaka kujitupa. Mfarishi ukanivuta. Nilikuwa nimeushona pamoja na sketi yangu!

Mama Miwani akaja na mkasi. Mishono ilikuwa imebanana mno, ikabidi akate kipande cha sketi, pamoja na mfuko wake, kibaki kwenye mfarishi. Wifi kasimama, analitazama paja langu. Nikamwambia nachagua mashine. Akasema alidhani ninayo. Nikasema hii ni ya pili.

Hapo Mama Miwani, kwa wema wake, akanipa pole. Eti mume wangu alipita juzi kuuliza nimependa ipi, alitaka kuninunulia. Yeye akamweleza ukweli, kwamba zote nimezitia kasoro, basi akaniulize mwenyewe. Leo asubuhi mume kapita tena, kanunua pasi.

Wifi akauliza ni ipi hiyo yenye kelele. Akaikalia, akashona mstari mmoja, akasema itamfaa.

Nimelia njia nzima, kapu nimelikinga mbele ya sketi.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaugeuza mfarishi wangu pande zote. Kauliza kwa nini kila upande una mishono ya namna yake, na mfuko huu wa sketi hapa katikati ni wa nini. Nikasema ndio mtindo. Wa wifi, alioushona kwa mkono, umetandikwa juu ya kitanda. Wangu umewekwa chini ya mtoto, kwa ajili ya mikojo. Nimeumia, sifichi.

Kisha mama mkwe akauliza nani ataoka keki ya sherehe ya mtoto. Wifi akafungua mdomo. Nikamwahi! Nikasema niachieni mimi, nina oveni kubwa.

Mkabala na duka la cherehani kuna duka la majiko. Mtu hanunui oveni bila kuijaribu kwa keki yake mwenyewe.

Mume wangu, tukiwa njiani kurudi, kaniuliza taratibu kama kuna oveni yoyote niliyoipenda. Nimemjibu zote takataka.