Ghorofa ya Tisa na Haki Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimedhulumiwa! Leo nimefuata suruali yangu kwa fundi cherehani, yule mama mwenye duka chini ya jengo letu. Duka limefungwa. Nikaelekezwa nyumbani kwake, ghorofa ya pili. Nyumba ni ileile kama yangu! Vyumba viwili, jiko lilelile, hata bomba linavuja upande uleule. Nikamuuliza alinunua bei gani. Akanijibu bila haya: nusu ya bei yangu. Eti sheria ya nyumba za bei nafuu. Eti kipato chake kidogo. Na changu kimeishia wapi, kama si kwenye nyumba hiihii?

Mke wangu kasema nile, chakula kinapoa. Hana uchungu na haki huyu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeandika malalamiko. Nyumba zote za bei nafuu zifutwe jengoni. Wenyewe walipe bei kamili au wahame. Nimebisha mlango kwa mlango, ghorofa ya nane, tisa na kumi. Saini kumi na saba! Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya kumi alitia saini bila kusoma, alidhani ni ya kutengeneza lifti. Sikumsahihisha. Saini ni saini.

Dobi wa chini kakataa. Kasema wivu haujengi nyumba. Nimemwambia sijengi, nimeshanunua.

Jumatano, 5 Machi
Nimefikisha barua ofisi ya nyumba. Afisa, mama mwenye miwani, kaisoma mara mbili, kisha kanitazama na kutabasamu. Heshima hiyo! Mke wangu kauliza kama niliisoma sheria yenyewe. Nimemwambia sheria husomwa na wenye mashaka.

Alasiri fundi kaniletea suruali mpaka mlangoni. Kaniamkia vizuri, kauliza hali. Unafiki mtupu.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu. Sitaki kuandika. Naandika.

Afisa kaja, watu wote tukakusanyika mbele ya lifti. Kaeleza kuwa kibali cha jengo kilikuwa cha ghorofa saba tu. Mwenye mradi aliruhusiwa kuongeza tatu kwa sharti moja: nyumba kumi na mbili ziuzwe kwa bei nafuu. Zikifutwa hizo, ghorofa tatu za juu nazo hazina kibali. Halafu kanigeukia.

“Wewe baba unakaa ya ngapi?”

“Ya tisa.”

“Basi bila huyu fundi, baba, unakaa hewani.”

Walicheka mpaka wa dukani. Mwalimu mstaafu hakucheka. Alidai saini yake papo hapo, kwa sauti ya darasani. Wenzake kumi na sita wakaitikia. Mke wangu? Kaenda kusimama upande wa fundi!

Jumamosi, 8 Machi
Ofisi inasema barua haifutiki mpaka waliotia saini wote watie tena kuiondoa, na fundi naye akubali kwamba hana kinyongo. Lifti mbovu. Nimepanda ngazi, nimeshuka ngazi, nimetukanwa kila ghorofa.

Fundi nikamwacha wa mwisho. Hakunitukana. Alisema, “Shemeji, nimelala chumba kimoja na wanangu watatu miaka tisa. Ungefanikiwa, ningerudi kulekule.” Kisha akatia saini na kunipa maji.

Nikayanywa yote, nikaomba mengine. Ni ngazi zile.

Jumapili, 9 Machi
Nimekaa, nimetafakari maneno ya afisa neno kwa neno. Kumbe ghorofa zetu za juu ni nyongeza! Mwenye mradi alipewa na sheria, bure! Sasa kitu alichopewa bure, mimi kaniuziaje bei kamili? Wizi wa mchana! Nimeandika barua mpya: nirudishiwe kila senti, na nyumba nibaki nayo.

Mke wangu kasoma mstari wa kwanza, kachukua mkoba, kashuka ghorofa ya pili.

Nimeanza kutafuta saini. Mwalimu mstaafu kafunga mlango nikiwa bado nimeshika fremu. Kidole cha mkono wa kulia kimevimba kama ndizi. Haidhuru. Wa kushoto nao ni mkono.